Saluti Isiyopigwa: Uchambuzi wa Kesi ya Betts dhidi ya Stevens

Uko barabara ya Chalinze kwenda Morogoro. Gari linalokuja upande wa pili likikuwashia taa mchana kweupe, huulizi kuna nini. Unainua mguu kwenye mafuta, unachungulia dashibodi, unaanza kutafuta kwa macho trafiki mwenye tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo, amejibanza chini ya mti gani. Unampita kwa hamsini yako safi, uso wa malaika. Mbele kidogo, akishapotea kwenye kioo, mguu unarudi ulipokuwa.

Je, yule aliyekuwashia taa ametenda kosa? Mahakama ya Uingereza ililijibu swali hili mara mbili ndani ya miaka michache, mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, na majibu hayakufanana: mara ya kwanza mtoa onyo alikwenda zake nyumbani, mara ya pili akatiwa hatiani. Jaji Mkuu alikuwa yule yule, Lord Alverstone. Sheria ilikuwa ile ile. Kazi ya uchambuzi huu ni kuonyesha kilichobadilika katikati, kwa sababu watu wengi wanaoisimulia kesi ya pili, ile ya Betts dhidi ya Stevens, huisimulia kana kwamba ilipiga marufuku kuonya. Haikufanya hivyo.

Tuanze na barabara zenyewe. Januari 28, 1896, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alipita katikati ya Paddock Wood, mkoani Kent, akiendesha gari la injini kwa maili 8 kwa saa. Kiwango cha mwendo mijini kilikuwa maili 2, yaani mwendo wa mtu anayetembea huku anawaza madeni. Askari mmoja alipanda baiskeli, akamfukuza kwa takriban maili 5 mpaka akampata. Kwa kosa la mwendo Arnold alitozwa shilingi moja pamoja na gharama za kesi. Askari mwenye pumzi na baiskeli alitosha, kwa sababu magari yalikuwa machache na baiskeli ilikuwa na uwezo wa kuyafikia.

Mwaka huo huo, mwezi Novemba, sheria mpya ilipandisha kiwango hadi maili 14, wasimamizi wakakishusha hadi 12. Kisha ikaja Sheria ya Magari ya 1903, iliyoanza kutumika Januari 1, 1904. Hiyo ndiyo iliyoleta namba za magari na leseni ya udereva, na ikaweka kiwango cha jumla cha maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, kwa barabara za nchi, isipokuwa mahali palipowekewa maili 10. Iwe katikati ya soko, iwe barabara nyoofu inayokatiza mashamba ambako hakuna hata kuku wa kugongwa, ni maili 20. Aliyekamatwa mara ya kwanza aliweza kutozwa hadi pauni 10, na hiyo haikuwa pesa ya kuchezea.

Ndani ya sheria hiyo kuna kifungu kidogo ambacho naona ndicho mzazi wa kisa chote hiki. Bunge lilisema dereva asitiwe hatiani kwa kuzidisha maili 20 kwa sababu tu shahidi mmoja ametoa maoni yake kuhusu mwendo. Ni kifungu cha busara. Askari aliyezoea farasi, akiona chuma kinapita na vumbi nyuma yake, angeapa kuwa ni maili 40. Lakini tazama kilichofuata. Kwa kuwa jicho la askari mmoja halikutosha, polisi walihitaji kipimo. Kipimo kilihitaji umbali uliopimwa. Umbali uliopimwa ulihitaji askari wa mwanzo na askari wa mwisho, wamekaa mahali pamoja, wakingoja. Bunge lilitaka ushahidi bora, likazaa mtego.

Mtego ulifanya kazi hivi. Tuseme umbali ni furlongi moja, yadi 220, kitu kama mita 200. Askari wa kwanza anajificha nyuma ya ua wa miti. Gari likivuka alama yake anatoa ishara, kitambaa au mkono. Mwenzake aliye na saa, ile saa ya kubonyeza ya kupimia mbio, anaibonyeza. Gari likivuka alama ya pili anabonyeza tena. Mbele kidogo anatokea mwingine katikati ya barabara na kuinua mkono. Kwa maili 20 kamili, furlongi moja inapitwa kwa sekunde 22 na nusu. Chini ya hapo una kesi.

Sasa fanya hesabu ambayo madereva wa wakati ule waliifanya kwa hasira. Mwenye saa akichelewa sekunde moja tu kubonyeza, labda kwa kuwa kitambaa hakikuonekana vizuri, saa itasoma 21 na nusu, na dereva aliyekuwa ndani ya sheria anasomeka karibu maili 21. Akichelewa mbili, ni maili 22. Umbali ukiwa mfupi zaidi, yadi 100 tu, sekunde moja ya uzembe inampeleka dereva mwema kwenye maili 22 na ushee. Sisemi kila askari alikosea. Nasema kifaa chenyewe kilitegemea kidole cha mtu, na dereva aliyesimamishwa hakuwa na kidole chake cha kupinga.

Lalamiko lililowauma zaidi lilihusu mahali. Mitego ilipendwa kwenye barabara nyoofu za wazi, hasa ile ya London kwenda Brighton inayopita Surrey na Sussex, ambako magari yalishawishika kukimbia na hatari ilikuwa ndogo. Tume ya Kifalme ya Magari, iliyoundwa 1905, nayo ilionyesha wasiwasi huo huo: kwamba mitego vijijini ilikuwa inatafuta mapato, badala ya kulinda maisha mijini. Tume ya serikali ikisema hivyo, huwezi tena kusema ni kelele za matajiri. Ingawa, tuwe wakweli, matajiri ndio waliokuwa wanapiga kelele. Mwaka 1905 mwenye gari Uingereza alikuwa mtu wa nafasi yake, na mkulima aliyefunikwa vumbi kando ya barabara hakumhurumia hata kidogo akimwona anaandikiwa kesi.

Watu hao wa nafasi walifanya walichozoea kufanya: walianzisha chama. Automobile Association ilizaliwa Juni 29, 1905, kwenye mgahawa wa Trocadero jijini London. Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele alikuwa Charles Jarrott, dereva wa mashindano aliyeshinda mbio za Ardennes mwaka 1902. Mtu wa aina hiyo kumwambia maili 20 ni kama kumwambia duma asubiri foleni. Chama kiliajiri vijana wa baiskeli wakawa wanazunguka barabara ya Brighton, wanatafuta askari walikojificha, kisha wanakaa kabla ya mtego na kuwapa ishara wenye magari. Angalia kejeli yake: mwaka 1896 baiskeli ilikuwa ya askari anayemfukuza mwenye gari. Miaka tisa baadaye baiskeli iko upande wa mwenye gari, inamfukuza askari.

Polisi hawakufurahi. Lakini wangemshtaki kijana huyo kwa kosa gani? Kupunga mkono si kosa. Kuendesha baiskeli si kosa. Walichimba wakapata sheria ya 1885 ya marekebisho ya kuzuia uhalifu, iliyopanua ile ya 1871. Sheria hiyo mama iliandikwa kwa ajili ya wahalifu sugu, watu waliowekwa kwenye daftari la polisi na kupigwa picha. Marekebisho yalifanya kuwa kosa kumzuia kwa makusudi askari aliyeko kazini. Hapo wakamleta mahakamani kijana wa baiskeli.

Kesi ya kwanza kufika juu imeandikwa katika ripoti za sheria za 1907 kwa jina Bastable dhidi ya Little. Little alikuwa amewaonya madereva waliokuwa wanaukaribia mtego. Mahakimu walimwachia, polisi wakakata rufaa, wakashindwa. Sababu ilikuwa nyembamba na ndiyo inayobeba kila kitu: hapakuwa na ushahidi kwamba magari yale, wakati yanaonywa, yalikuwa yanazidisha mwendo. Kama dereva hajavunja sheria, basi aliyemwambia "usivunje sheria, askari yuko mbele" amezuia nini? Kazi ya askari ni kuzuia makosa na kukusanya ushahidi wa makosa yaliyotendeka. Hapakuwa na kosa la kulikusanyia ushahidi, na kosa la baadaye limezuiwa na kijana wa baiskeli bila kulipwa na serikali hata senti.

Ungekuwa mshauri wa polisi wa wakati ule, ungewaambia nini baada ya hukumu hiyo? Jambo moja tu. Mkirudi tena, njooni na magari yaliyokuwa tayari yanakimbia.

Ndivyo ilivyokuwa katika Betts dhidi ya Stevens, iliyomo katika ripoti za 1910. Betts alikuwa mlinzi wa barabara wa chama. Mtego ulikuwa mbele. Aliwapa ishara madereva, wakapunguza, wakauvuka umbali uliopimwa wakiwa ndani ya sheria. Mpaka hapo hadithi ni ya Little mtupu. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii mahakama ya chini ilikubali kama ukweli kuwa magari yale, wakati Betts anayapa ishara, yalikuwa yameshapita maili 20, na yangeendelea hivyo yangenaswa. Betts alitiwa hatiani, akakata rufaa, rufaa ikatupwa.

Lord Alverstone alisema kiini cha kosa kiko kwenye nia ya aliyelitenda jambo. Jaji mwenzake, Darling, alitenganisha maonyo mawili. Kuna onyo linalotolewa ili kosa lisitendeke. Na kuna onyo linalotolewa wakati kosa linatendeka, ili lisitishwe kwa muda, pale tu penye hatari ya kukamatwa, kisha liendelee hatari ikipita. La kwanza halina shida. La pili ni kumzuia askari.

Msomaji aliyewahi kuwashiwa taa njia ya Morogoro anajua Darling alikuwa anamsema nani. Mguu unaoinuka kabla ya tochi na kurudi baada ya tochi ndio huo huo wa 1910. Kwa hoja hii jaji alikuwa amewasoma madereva vizuri kuliko walivyotaka kusomwa, na sioni pa kumpinga. Dereva wa Betts hakuongoka. Aliahirisha.

Ila kuna mambo mawili ambayo hukumu iliyapita haraka, na kwangu ndiyo yenye utamu.

Kwanza ni ule ulinzi wa shahidi mmoja. Sheria ya 1903 ilimlinda dereva anayeshtakiwa kwa mwendo: maoni ya mtu mmoja hayatoshi. Haikumlinda mtu anayeshtakiwa kwa kumzuia askari. Kwa hiyo mwendo wa gari lile lile, kwa dakika ile ile, uliweza kukosa ushahidi wa kumfunga dereva, lakini ukatosha kumfunga mlinzi aliyempungia mkono. Dereva aliyekuwa anakimbia alikwenda Brighton kula samaki. Aliyemwambia apunguze ndiye aliyepanda kizimbani. Kisheria hakuna mgongano, kwa kuwa ni makosa mawili tofauti yenye vipimo tofauti vya ushahidi. Kibinadamu, ukimweleza mtu wa kawaida sokoni, atakuuliza kama umechanganyikiwa.

Pili ni kazi ya askari yenyewe. Hoja nzima ya kumzuia askari inasimama juu ya dhana kwamba kazi yake pale ilikuwa kukamata. Kama kazi yake ingekuwa kupunguza mwendo wa magari mahali pale, basi Betts alimsaidia, na kwa ufanisi kuliko saa ya kubonyeza, kwa sababu kila gari lilipita polepole. Polisi wangeweza kusimama wazi barabarani wakiwa na kofia zao, na magari yangepungua vile vile. Walichagua kujificha. Mahali pa mtego ndipo panaamua ni kazi ipi. Ukiweka mtego mbele ya shule, unataka gari lipungue hapo hapo, na mwenye kuonya ni rafiki yako. Ukiuweka kwenye uwanda mtupu, gari kupungua hapo hakumwokoi mtu yeyote. Unachotaka ni jina la dereva. Majaji hawakuulizwa mtego ulikuwa wapi na kwa nini. Waliulizwa kama askari alikuwa kazini, naye alikuwa kazini.

Chama nacho kilisoma hukumu kwa makini. Kama ishara ni kosa, basi wataacha kutoa ishara. Walinzi wake walikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila mwanachama, aliyetambulika kwa beji ya chama iliyofungwa mbele ya gari. Sasa saluti ikapewa kazi mpya. Ukipigiwa saluti, njia ni shwari, endelea. Usipopigiwa, kuna jambo. Kitabu cha wanachama kiliwaelekeza, kwa lugha ya heshima iliyonyooka kama rula, kwamba mlinzi asipopiga saluti mwanachama asimame amuulize sababu.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Alverstone alisema kiini ni nia. Nia ya mkono ulioinuka na nia ya mkono uliobaki chini ni moja. Lakini ili umtie mtu hatiani lazima uonyeshe alichofanya, na huyu hakufanya kitu. Hana wajibu wowote wa kisheria wa kumpigia saluti mwenye gari binafsi. Labda alikuwa anajikuna. Labda jua lilikuwa machoni, beji hakuiona. Mwendesha mashtaka angeanza kuuliza, "Kwa nini siku hiyo hukuwa na adabu?" Mtindo huo uliishi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mrefu baada ya kiwango chenyewe cha maili 20 kufa. Chama kilichoanza kama genge la kukwepa askari kilikuwa na wanachama 83,000 kufikia 1914.

Kiwango hicho cha jumla kilifutwa na Sheria ya Barabara ya 1930. Kwa miaka michache magari madogo hayakuwa na ukomo wowote wa mwendo nchini humo. Vifo havikusubiri: mwaka 1934 barabara ziliua watu zaidi ya 7,000. Machi 18, 1935 ukarudi ukomo, lakini umepata akili. Ulikuwa maili 30 na ulihusu maeneo ya makazi tu, pale penye watoto na wavuka barabara. Maili 30 ni kilomita 48. Hamsini yetu ya kwenye makazi iko jirani nayo kabisa, na ukikasirikia kibao cha 50 pale Mikese, ujue unakasirikia umbo ambalo Waingereza walilifikia baada ya kukosea pande zote mbili.

Si kibao tu tunachochangia nao. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 243, nayo inamshika anayemzuia kwa makusudi askari polisi aliyeko kazini, na Kenya inayo ya aina hiyo katika kifungu cha 253. Maneno hayo yana ukoo mmoja na yale yaliyomnasa Betts. Kwa hiyo wakili wa hapa akikutana na kesi ya mtu aliyewasha taa, swali la kuanzia linabaki lile lililowatenganisha Little na Betts: gari lililowashiwa taa lilikuwa linakwenda kwa kasi gani kabla halijawashiwa? Na tochi, kwa bahati ya mwenye taa, hupiga gari likishafika ndani ya uwezo wake wa kusoma, wakati taa zimewashwa kilomita mbili nyuma.

Waingereza wenyewe walijikuta kwenye swali hilo tena mwaka 2005. Dereva wa lori huko Somerset alikuwa amewapungia mkono wenzake waliokuwa wanakuja, kuwaonya kwamba mbele kuna polisi wanapima mwendo. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu, na majaji wakazirudia kesi zile zile mbili za enzi ya kitambaa na saa ya kubonyeza. Upande wa mashtaka ukashindwa. Haukuwa na gari hata moja la kuonyesha kwamba lilikuwa linazidisha mwendo, au lilikuwa karibu kuzidisha, pale mkono ulipopungwa.